Vita vya Kagera na foleni za sukari: ni vita vilivyoua uchumi wetu?

Msomaji ameniandikia hivi: "Baba yangu alikwenda Kagera akiwa mgambo, na mpaka leo anasema vita ya Amin ndiyo iliyotuletea foleni za sabuni na sukari. Mwalimu wangu wa historia alitufundisha kwamba uchumi ulikuwa umeshaanguka kabla, vita ikasingiziwa tu. Nani mkweli? Na je, kama Mwalimu Nyerere angeamuru jeshi lisimame mtoni baada ya kumfukuza Amin, tungeokoka?"

Ndugu yangu, mwalimu wako alisema kweli kuhusu miaka ya kabla ya vita. Baba yako anasema kweli kuhusu miaka iliyofuata. Uchumi ulikuwa umeshaanza kudorora, lakini vita vilichukua vitu viwili ambavyo nchi haikuwa na namna ya kuvirudisha upesi: fedha za kigeni na malori. Nakuomba uyashike hayo malori, kwa sababu ukiyafuatilia utaelewa jinsi vita vilivyopiganwa na pia kwa nini duka la kijiji lilibaki na rafu tupu.

Tuanze kwa mwalimu wako. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya; haukufunguliwa hadi 1983. Ndege, reli, bandari, posta na simu, mambo tuliyoyaendesha kwa pamoja na majirani, ikabidi tuyaanzishie mashirika yetu wenyewe kwa mkupuo. Vijijini, operesheni za kuhamia vijiji vya ujamaa za kati ya 1973 na 1976 zilikuwa zimewahamisha mamilioni ya watu, na ukame wa 1974 na 1975 uliilazimisha serikali kununua nafaka nje. Mwaka 1976 vyama vya ushirika navyo vikavunjwa, kazi ya kununua mazao ikakabidhiwa mamlaka za mazao zilizokuwa hazijui njia za vijijini kama ushirika ulivyozijua. Mimi nahesabu uamuzi huo kuwa kosa kubwa kuliko linavyosemwa vitabuni.

Kilichouficha udhaifu wote huo ni kahawa. Julai 1975 jalidi iliunguza mibuni ya Brazil, bei ya dunia ikapaa, na hadi 1977 Tanzania ilikuwa na akiba nzuri ya fedha za kigeni. Serikali, kwa ushauri wa Benki ya Dunia pia, ikalegeza masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje. Bidhaa zikamiminika, bei ya kahawa ikaanza kuteremka, na mwaka 1978 akiba ikawa imeporomoka kabla risasi ya kwanza haijalia Kagera. Kwa hiyo nchi iliingia vitani mfuko ukiwa mwepesi. Hilo halina ubishi.

Upande wa pili, Uganda, hali ilikuwa mbaya zaidi, na bila kuitazama huwezi kuelewa kwa nini mtawala wake, Idi Amin, alivuka mpaka. Alipowafukuza Waasia mwaka 1972, maduka na viwanda vyao viligawiwa maofisa na watu wa karibu na utawala, wale ambao Waganda waliwaita mafuta mingi. Uzalishaji ukazama, na biashara iliyobaki hai ikawa magendo. Kahawa ilikuwa zaidi ya asilimia 90 ya mauzo ya Uganda nje ya nchi, na sehemu nzuri ya fedha zake iliishia kununua utii wa askari: ndege zilikwenda uwanja wa Stansted, Uingereza, zikirudi Entebbe na pombe kali na vitu vya anasa kwa ajili ya jeshi. Oktoba 1978 Marekani ikapiga marufuku bidhaa za Uganda, na Marekani ilikuwa mteja mkubwa wa kahawa hiyo. Wakati huohuo jeshi lilikuwa linapasuka kwa maasi ya ndani, huku Makamu wa Rais Mustafa Adrisi akiwa ameumia katika ajali ya gari iliyozua minong'ono mingi. Mtawala mwenye jeshi lenye njaa ya ngawira na mfuko unaokauka alikuwa na sababu ya kuwaelekeza askari wake kwa jirani. Wapo wanaosema baadhi ya makamanda walivuka kabla ya amri, na Amin akaikubali vita iliyokwisha anza. Vyovyote iwavyo, mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yaliteka eneo lote la kaskazini mwa mto Kagera, takriban kilomita za mraba 1,800, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba hiyo ni sehemu ya Uganda na mpaka sasa ni mto.

Sisi hatukuwa tayari. Brigedi iliyohusika na ukanda ule ilikuwa na makao yake Tabora, na mpakani palikuwa na askari wachache mno. Tarehe 3 Novemba Waganda walililipua daraja la Kyaka, juu ya mto Kagera, wakiamini kwamba bila daraja hilo hakuna jeshi litakalowafuata. Kisha wakageukia kuvuna. Waliswaga maelfu ya ng'ombe wa ranchi, wakang'oa mabati na milango ya nyumba, wakaharibu kiwanda cha sukari, wakaondoka na sufuria na baiskeli za watu. Raia wanaokadiriwa kufika 1,500 waliuawa. Natamani kila anayelisimulia jambo hili kwa habari za vifaru na majenerali awakumbuke kwanza watu wa Missenyi, eneo hilo lililotekwa, maana wao ndio waliolipa kabla ya wengine wote.

Novemba 2, mbele ya wazee wa Dar es Salaam, Nyerere alisema maneno ambayo baba yako bila shaka anayajua kwa moyo: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Sababu na nia havikuwa na shaka. Uwezo ulikuwepo pia, ila ulikuwa umetawanyika nchi nzima, na kazi ya miezi miwili iliyofuata ilikuwa kuukusanya. Jeshi la Wananchi lilikuwa na watu wapatao 40,000. Katika muda mfupi, kwa kuwaita mgambo, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, polisi na magereza, idadi ya walioshika silaha ilipita 150,000.

Sasa tazama ramani na ulifuate sanduku moja la mabomu ya mizinga. Linapakiwa behewani Dar es Salaam. Linapita Morogoro, Dodoma, Tabora, linapinda kaskazini hadi Mwanza: zaidi ya kilomita 1,200 juu ya reli ya njia moja iliyojengwa wakati wa wakoloni. Mwanza linashushwa kwa mikono, linapakiwa melini, linavuka Ziwa Victoria mpaka Bukoba. Bukoba linashushwa tena, linapandishwa kwenye lori, linakwenda Kyaka kwa barabara ya vumbi ambayo mvua za Novemba zimeigeuza tope. Kyaka hakuna daraja. Na sanduku hilo moja linamalizwa na mzinga mmoja kwa dakika chache. Mzigo mwingine, pamoja na askari wenyewe, ulipita barabarani kwa Biharamulo, na huko ndiko magari ya kiraia yalikokwenda. Serikali ilichukua mabasi na malori ya mashirika ya umma na ya watu binafsi, ikayaandikisha vitani. Lori lililokuwa libebe pamba ya Shinyanga au kahawa ya Mbinga msimu ule lilikuwa Kagera likibeba unga, mafuta na askari. Mengi hayakurudi, na yaliyorudi yalirudi chakavu. Vipuri vilihitaji dola, na dola zilikuwa zimekwisha kwa mafuta na risasi.

Nashikilia jambo hili kwa sababu wasimulizi wengi huruka moja kwa moja kutoka hotuba hadi ushindi. Ushindi uliandaliwa Tabora na Mwanza, kwa watu wasiojulikana waliopanga mabehewa usiku na mchana. Wahandisi wa jeshi wakaunganisha daraja la muda juu ya Kagera, vikosi vikavuka, na Waganda, ambao Amin alikuwa ameshatangaza kwamba anawarudisha, wakakimbia na ngawira yao. Mwanzoni mwa Januari 1979 eneo lote lilikuwa mikononi mwetu tena.

Hapo ndipo swali lako la kusimama mtoni linapokaa. Nyerere alitaka mambo mawili: Amin aache madai yake juu ya ardhi ya Tanzania na alipe fidia, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika uulaani uvamizi huo waziwazi. Amin hakukubali, na Umoja ulitaka tu pande zote mbili zisitishe vita. Tarehe 21 Januari vikosi vyetu vikavuka mpaka kuichukua Mutukula, mji uliokuwa mwinukoni ukiyatazama mashamba yetu na ambao mizinga yake ingeweza kuendelea kutupiga. Aliyekuwa sasa akiongoza mapigano, Meja Jenerali David Musuguri, alibaki na jina la Jenerali Mutukula maisha yake yote. Mji ule ulisawazishwa kwa tingatinga. Kulikuwa na hasira ya Kagera ndani ya kitendo hicho, na sioni faida ya kuificha.

Mpango wa kisiasa wakati huo ulikuwa wa vita viwili: Tanzania ingemwadhibu Amin kwa kuichukua Masaka na Mbarara, miji yenye kambi za vikosi vilivyotuvamia, kisha Waganda waliokuwa uhamishoni wangekwenda Kampala wenyewe. Mpango huo ulikuwa na maana kidiplomasia, kwa sababu nchi moja ya Kiafrika kuiangusha serikali ya nyingine kwa jeshi lake lilikuwa jambo ambalo Umoja ulikuwa umelikataza tangu kuundwa kwake. Masaka ikaanguka tarehe 24 Februari, Mbarara kesho yake. Lakini wapiganaji wa uhamishoni, wale wa Kikosi Maalum chini ya Tito Okello na David Oyite-Ojok na wale wa Yoweri Museveni, walikuwa wachache mno kuuchukua mji mkuu. Na kusini mwa Kampala pakatokea jambo lililobadilisha hesabu yote: Muammar Gaddafi, kiongozi wa Libya, aliamua kuleta majeshi yake kumsaidia Amin.

Ukitaka kuelewa jinsi vita hivi vilivyopiganwa, soma habari za Lukaya. Barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala inapita hapo juu ya tuta, na pembeni yake ni kinamasi. Ukiliharibu tuta, umesimamisha jeshi zima kwa wiki kadhaa. Brigedi ya 201, ambayo karibu yote ilikuwa mgambo, watu waliokuwa wakilima miezi minne nyuma, ndiyo iliyotangulizwa kulilinda. Jioni ya Machi 10 Walibya, Waganda na Wapalestina waliokuwa upande wa Amin walikuja na vifaru, deraya na roketi. Roketi nyingi zilipita juu bila kumgusa mtu, lakini mlio wake uliwatisha mgambo ambao hawajawahi kusikia kitu kama kile, wakatawanyika kurudi nyuma. Lukaya ikapotea. Walibya wangeendelea kusonga usiku ule, wangekuta njia ya Masaka imelegea. Walisimama. Musuguri akaiagiza Brigedi ya 208, iliyokuwa kiasi cha kilomita 60 kaskazini magharibi, izunguke na kuikata barabara ya Kampala kwa nyuma. Alfajiri ya Machi 11 mgambo walewale wa 201, wakiwa wamejipanga upya, walishambulia kwa mbele, na 208 ikatokea nyuma. Ilipokwisha, zaidi ya maiti 400 zilihesabiwa, takriban nusu yake Walibya. Baba yako kama alikuwa 201, mwenye haki ya kusimulia ile asubuhi ni yeye, si mimi.

Lukaya inaonyesha pia tofauti ya majeshi hayo mawili. Jeshi la Amin lilipigana likiwa barabarani, juu ya magari. Lilipopigwa sawasawa, lilikimbia kwa barabara, mara nyingi gari zikiwa zimejaa mali. Jeshi letu lilikwenda kwa miguu porini, pande zote mbili za njia, likitanguliwa na mizinga na zile roketi ambazo Waganda waliziita Saba Saba na kuziogopa kuliko kifaru. Ni mwendo wa taratibu, unaochosha, unaokula viatu na mabomu. Lakini ni vigumu kuuvizia.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Gaddafi alitoa onyo la saa 24, Nyerere akalipuuza, na Machi 29 ndege ya Libya ya aina ya Tu-22 ikaja kuipiga Mwanza, mji uliokuwa mlango wa mizigo yote ya vita. Ilikosea, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. Fikiria kama yangeangukia bandari au stesheni. Wakati huohuo, kati ya tarehe 24 na 26 Machi, Waganda wa vyama mbalimbali walikutana Moshi, wakaunda UNLF, umoja wa waliompinga Amin, na kumchagua Yusuf Lule kuwa kiongozi. Mizinga ikapandishwa milima ya Mpigi, Entebbe ikachukuliwa Aprili 7, na Kampala ikaanguka Aprili 10 na 11. Makusudi kabisa, barabara ya mashariki kwenda Jinja iliachwa wazi ili Walibya waondoke, kwa kuwa Nyerere hakutaka vita kamili na Libya. Jinja ilichukuliwa Aprili 22, bwawa lake la umeme likiwa zima, na hilo lilikuwa jambo kubwa kwa Uganda na kwa Kenya iliyotumia umeme wake. Upande wa magharibi Silas Mayunga, aliyejulikana kama Mti Mkavu, aliongoza vikosi vyake kupitia Fort Portal hadi Masindi. Tarehe 3 Juni askari wetu walifika mpaka wa Sudan. Wengi walikuwa wamefika huko kwa miguu yao tangu Kagera.

Jeshi la Tanzania lilipoteza watu 373, na kati yao 96 tu ndio waliokufa katika mapigano yenyewe. Waliobaki walichukuliwa na ajali na maradhi. Tazama tena uwiano huo. Katika vita vya masafa marefu, ajali na maradhi viliua askari wetu wengi kuliko bunduki za Amin.

Sasa bili. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba vita viliigharimu Tanzania dola za Marekani milioni 500. Kwa kipimo cha leo inaweza kuonekana si nyingi, kwa hiyo ilinganishe na kitu cha wakati uleule: ni takriban kila kilichouzwa na nchi yetu nje katika mwaka mzima. Kahawa yote, pamba yote, katani yote, korosho, chai, tumbaku na almasi, jasho la mwaka mmoja la taifa lote, likageuka mafuta, risasi na tairi. Na ililipwa vipi? Sehemu kubwa ya mahitaji ya vita ni ya kununua nje, kwa hiyo ilikula fedha za kigeni ambazo zingenunua vipuri vya viwanda, malighafi na dawa. Sehemu ya ndani ilizibwa kwa serikali kukopa benki, maana yake fedha mpya ziliingia mitaani wakati bidhaa zinapungua.

Hapo ndipo ilipozaliwa foleni ya baba yako. Kiwanda cha sabuni kinahitaji malighafi ya nje na vipuri. Kiwanda cha nguo vilevile. Hakuna dola, kinazalisha robo ya uwezo wake. Kidogo kinachozalishwa kinapangiwa bei na serikali, kinapelekwa kwa kampuni ya biashara ya mkoa, na kutoka hapo kinahitaji lori ili kifike kijijini. Lori hakuna. Kwa hiyo mkulima akiuza pamba yake hapati cha kununua kwa fedha hizo, na asipopata cha kununua hana sababu ya kulima pamba zaidi. Pamba ikipungua, dola zinapungua tena. Huo mduara haukuhitaji adui wa kuuzungusha. Mfumuko wa bei ulifika takriban asilimia 30 mwaka 1980, na kwa miaka iliyofuata haukushuka sana. Ulanguzi ukawa ajira.

Ni haki kuongeza kwamba mwaka uleule wa 1979, kwa mapinduzi ya Iran, bei ya mafuta ya dunia ilianza kupanda, kutoka dola kama 13 kwa pipa mwaka 1978 hadi zaidi ya 30 mwaka 1980. Kwa nchi inayoagiza mafuta yote, hilo peke yake lingetosha kuitikisa. Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukaja juu yake. Anayesema kila kitu kilisababishwa na vita anayaacha haya nje, na hapo mwalimu wako yuko sahihi kumsahihisha. Ila nchi zote zisizo na mafuta zilipigwa na bei hiyo. Sisi ilitukuta akiba imekwisha na magari yamechoka, na hayo mawili yana saini ya vita.

Na kuna sehemu ambayo mimi naiona nzito kuliko vita vyenyewe. Vita vilipokwisha Juni 1979, jeshi halikurudi. Serikali mpya ya Kampala haikuwa na jeshi wala polisi wa kuaminika. Lule aliondolewa baada ya siku 68, akaja Godfrey Binaisa, naye akapinduliwa Mei 1980. Desemba mwaka huo ukafanyika uchaguzi uliomrudisha Milton Obote, rais wa kabla ya Amin, na Februari 1981 Museveni akaingia msituni. Muda wote huo maelfu ya askari wa Tanzania walikuwa Uganda, wakilishwa na kulipwa kwa sehemu kubwa na mkulima wa Tanzania, hadi walipoondoka mwaka 1981. Vita vya kumfukuza Amin vilichukua kama miezi minane. Kulinda amani ya nchi ya wengine kulichukua miaka miwili zaidi, bila mfadhili.

Nyumbani Nyerere aliwaambia wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Naamini alimaanisha. Lakini miezi 18 ilihitaji mpango wa kurudisha fedha za kigeni, na hapo serikali yenyewe iligawanyika. Shirika la Fedha la Kimataifa lilitaka shilingi ishushwe thamani, mishahara izuiwe na udhibiti wa bei ulegezwe. Waziri wa Fedha Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, aliona lazima tuelewane nalo. Nyerere alikataa, na Mtei akajiuzulu Desemba 1979. Januari 1980, akizungumza na mabalozi, Nyerere aliuliza ni lini shirika hilo liligeuka kuwa wizara ya fedha ya dunia. Ninamheshimu kwa swali hilo, lilikuwa swali la haki. Ila mkulima hakufaidika na ubishi ule. Shilingi iliachwa karibu na 8 kwa dola wakati mitaani ikiuzwa kwa bei nyingine kabisa, kwa hiyo muuza kahawa wa Bukoba alilipwa kidogo na mamlaka ya mazao na zaidi na mfanyamagendo wa ng'ambo ya mpaka. Hata kampeni ya Edward Sokoine dhidi ya wahujumu uchumi mwaka 1983, iliyoungwa mkono na wengi kwa dhati, ilikamata bidhaa zilizofichwa bila kuzalisha nyingine. Makubaliano na Shirika la Fedha yalikuja 1986 chini ya Ali Hassan Mwinyi, na wastani wa shilingi ukapita 60 kwa dola mwaka 1987. Marekebisho yaliyokwepwa kwa miaka sita yakaja kwa mara moja, na yakauma zaidi.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa katika bajeti yoyote. Bunduki nyingi zilibaki mikononi mwa watu baada ya vita, na miaka iliyofuata wizi wa ng'ombe na ujambazi wa kutumia silaha viliongezeka katika mikoa ya ziwa. Sungusungu walipojitokeza Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, walikuwa wakijibu hali hiyo kwa sehemu. Kama wewe ni wa upande huo, wazee wako watakueleza kuliko mimi.

Je, tungesimama mtoni? Naweza kukupa maoni yangu tu. Kusimama mtoni Januari 1979 kungetulazimu kuweka jeshi kubwa Kagera kwa muda usiojulikana, mwishoni kabisa mwa ile njia ndefu niliyokueleza, huku ng'ambo Amin akipokea silaha kutoka Libya bila wa kumzuia. Kila mwaka tungelipa, na watu wa Missenyi wasingethubutu kurudi kujenga. Kwa hiyo Mutukula, Masaka na Mbarara nazikubali bila kusita. Baada ya Lukaya, kurudi nyuma kungewaachia Walibya nafasi ya kujipanga upya kwenye barabara ya Masaka. Nakubali na Kampala. Nisichokikubali ni kwamba tuliingia Kampala bila kupanga nani atalipa baada ya hapo, na bila kuweka siku ya kuondoka. Msumbiji ilituletea bataliani moja, na shukrani ziende kwake. Mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika uliofanyika Monrovia Julai 1979 ulituletea lawama: Jaafar Nimeiri wa Sudan na Olusegun Obasanjo wa Nigeria walisema wazi kwamba tumevunja msingi wa kutoingilia nchi nyingine. Mlango wa Umoja kuchangia gharama ulifungwa hapo. Serikali ilipaswa kuanza kupunguza vikosi na kutafuta maelewano ya fedha mwezi uleule, wakati bei ya mafuta ilikuwa bado inapanda na dunia bado ikikumbuka Amin alikuwa nani.